Jina Lako Katika Daftari la Mikopo

Mwezi wa Januari haumwonei mama huruma. Karo, sare, vitabu na kodi ya nyumba hufika kwa pamoja, na mara nyingi mshahara wa Desemba umekwisha kabla ya sikukuu zenyewe kwisha. Hapo ndipo wengi wetu hushika simu na kuomba mkopo. Wengine huupata kwa dakika chache. Wengine hukataliwa bila maelezo yoyote. Wapo wanaopewa kiasi kidogo kisichotosha hata viatu vya mtoto mmoja, na wapo wanaotozwa gharama kubwa kuliko jirani aliyekopa benki ile ile, wiki ile ile.

Tofauti hiyo haitokani na bahati. Nchini Kenya, mtu aliyewahi kukopa benki au kukopa kwa simu huwa na kumbukumbu yake iliyohifadhiwa mahali. Kumbukumbu hiyo hupimwa na kupewa alama, na alama hiyo ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mkopeshaji huyatazama kabla hajajibu ombi lako. Hata baadhi ya waajiri huitaka kumbukumbu hiyo kabla ya kumpa mtu kazi.

Wanaume na wanawake hupimwa kwa kipimo kimoja. Lakini sisi wanawake wenye familia tuna matatizo mawili ya pekee. La kwanza ni kwamba jina la mama mara nyingi huandikwa katika daftari hilo kwa matendo ya watu wengine: mwana aliyeazima laini ya simu, shemeji aliyeomba kudhaminiwa, mume aliyeleta fomu jioni akasema, "Tia sahihi hapa." La pili ni kwamba jina la mama huenda halimo kabisa, kwa kuwa kila kitu cha nyumbani kimeandikwa kwa jina la mume. Katika makala haya tutaeleza jinsi daftari hilo linavyofanya kazi, na jinsi mama anavyoweza kulitunza jina lake, kulisafisha likiwa limechafuka, na kulijenga kama halipo.

Daftari linatunzwa na nani?

Kanuni za kampuni za kumbukumbu za mikopo zilitungwa mwaka 2008 na zikaanza kutumika mwaka 2009. Kampuni hizo ndizo ambazo watu huziita CRB. Hufanya kazi kwa leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na miongoni mwa zilizopata leseni ni TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Hapo mwanzo benki zilipeleka huko habari za watu wasiolipa. Daftari likawa kama lile la kiranja wa darasa, ambalo huandikwa majina ya wapiga kelele peke yao, na mtoto aliyetulia siku nzima hatajwi popote. Kanuni za mwaka 2013 zilibadilisha jambo hilo. Tangu hapo habari njema nazo hupelekwa, na mama anayelipa deni lake kwa wakati huandikwa kuwa amelipa kwa wakati. Huu ni msaada mkubwa, maana kila rejesho unalolipa kwa siku yake sasa linaweza kukusemea mema mbele ya mkopeshaji asiyekujua.

Ni vizuri kuelewa kwamba CRB haimkopeshi mtu pesa, wala haiamui nani apewe mkopo na nani anyimwe. Mkopeshaji wako ndiye anayepeleka habari zako. CRB huzihifadhi. Kisha mkopeshaji mwingine huziuliza anapotaka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo mama anaposema, "CRB wamenifungia," ukweli ni kwamba kuna mkopeshaji fulani aliyepeleka habari kuwa hakulipwa. Ukijua hivyo utajua pia pa kuanzia unapotaka kurekebisha mambo, yaani kwa yule mkopeshaji.

Alama hupangwaje? Kila kampuni ina hesabu yake. Alama za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 na kufika 900, na kadiri zinavyopanda ndivyo mkopeshaji anavyokuamini zaidi. Hesabu hizo hutofautiana, lakini mambo yanayotazamwa yanafanana. Je, hulipa kwa wakati? Una madeni mangapi sasa hivi, na ni makubwa kiasi gani? Umekuwa ukikopa na kulipa kwa muda gani? Umeomba mikopo mara ngapi katika siku za karibuni? Kati ya hayo yote, kulipa kwa wakati ndiko kwenye uzito mkubwa. Hakuna anayekuuliza una nyumba ya namna gani, wala kama wewe ni mama mwema. Daftari hutazama ahadi zako za fedha na jinsi ulivyozitimiza.

Mambo yanayoshusha alama

Kuchelewa ni adui wa kwanza. Mkopo usipolipwa kwa zaidi ya siku 90 tangu siku yake kupita, huhesabiwa kuwa mkopo uliokwama. Mkopeshaji anatakiwa akupe taarifa siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya juu yako. Ujumbe huo mara nyingi huja kwa simu, na mama wengi huufuta bila kuusoma wakidhani ni tangazo. Usiufute. Hizo siku 30 ni nafasi yako ya kwenda kuzungumza na mkopeshaji, kulipa hata sehemu ya deni na kupanga tarehe mpya.

Kanuni za mwaka 2020 zilileta nafuu kwa wanaokopa kidogo. Kabla ya hapo mtu aliweza kuharibikiwa jina kwa deni la shilingi 200. Kanuni hizo zilisema deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe CRB kama habari mbaya. Hata hivyo tusijidanganye. Deni la shilingi 800 likiongezewa gharama za kuchelewa linaweza kuvuka 1,000, na deni ni deni hata kama halikuandikwa.

Adui wa pili ni kuomba mikopo mingi kwa mpigo. Mama akikataliwa huku hujaribu kule, kisha kule kwingine, na kwa jioni moja ameomba mahali patano. Kila mkopeshaji anapoulizia habari zako, ulizo lake nalo huandikwa. Anayefuata akiona maulizo matano kwa siku moja, hufahamu kwamba uko katika dhiki, na mtu aliye katika dhiki ni vigumu kuaminiwa fedha.

Adui wa tatu ni kukopa huku ili kulipa kule. Tuseme mama anakopa shilingi 2,000 kwa mwezi mmoja na gharama yake ni shilingi 180. Mwezi ukiisha hana pesa, basi anakopa mahali pengine 2,000 kulipa deni la kwanza, na gharama anaitoa katika pesa za mboga. Akiendelea hivyo kwa miezi 12 atakuwa ametoa shilingi 2,160 za gharama peke yake, na lile deni la 2,000 bado liko pale pale. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi tumeondoa hata harusi yenyewe, maana anayekopa kulipa deni hana alichofurahia.

Tatizo hili si la watu wachache. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwasaidia waliokwama kwa mikopo ya simu ya siku 30 au chini ya hapo. Wakopeshaji waliombwa wapunguze angalau nusu ya deni, na mkopaji alipe kilichobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Watu waliohusika walikuwa takriban milioni 4.2. Mpango huo umekwisha, lakini idadi hiyo yatosha kutuonyesha kwamba mama aliyekwama hayuko peke yake, na hana sababu ya kujificha.

Jina lako mikononi mwa wengine

Sasa tuje kwa yale matatizo yetu ya pekee. La kwanza ni laini ya simu. Mkopo wa simu hufuata kitambulisho kilichosajili laini, hata kama laini inatumiwa na mtu mwingine. Mama wengi wamesajili laini kwa kitambulisho chao kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka 18, au kwa msichana wa kazi aliyekuwa hana kitambulisho, au kwa mdogo wao aliyekuja mjini kutafuta kazi. Miaka imepita, mtoto amekuwa mtu mzima, msichana ameondoka, lakini laini bado ni za mama. Mikopo ikichukuliwa kwa laini hizo, atakayeandikwa ni mama.

Nenda kwa kampuni yako ya simu, uulize laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zile usizozitambua uziripoti zifungwe. Zile wanazotumia watoto waliokwisha kuwa wakubwa, waambie wazisajili kwa majina yao. Na namba yako ya siri iwe siri hata kwa watoto wako mwenyewe. Hatusemi kwamba watoto wetu ni wezi. Tunasema kijana mwenye njaa ya kucheza kamari hawezi kukopa kwa simu ya mama kama hajui namba.

La pili ni udhamini. Katika Sacco, kumdhamini mwenzako ni jambo la kawaida, na wengi wetu tumepata mikopo kwa sababu wenzetu walikubali kutudhamini. Lakini kudhamini si kushuhudia tu kwamba fulani ni mtu mzuri. Ni kuahidi kwamba asipolipa, utalipa wewe. Akiba yako huwekwa dhamana mpaka deni lake liishe, na akishindwa hukatwa. Kwa hiyo kabla hujamdhamini mtu, jiulize: kama angeniomba zawadi ya kiasi hiki, ningeweza kumpa bila watoto wangu kulala njaa? Kama jibu ni hapana, mwambie kwa upole kwamba huwezi. Shemeji akinuna kwa mwezi mmoja, atapona. Akiba ya karo ikikatwa, si rahisi kuirudisha.

La tatu ni sahihi za nyumbani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mume na mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Hii ni kinga kubwa kwa mama. Ndiyo maana benki humwita mke aje kutia sahihi mume anapokopa kwa hati ya shamba au nyumba. Lakini sahihi zenyewe ni za aina tatu, na mama anapaswa kujua anatia ipi. Kuna sahihi ya idhini, ambayo husema nimekubali mali yetu iwekwe rehani. Kuna sahihi ya mdhamini, ambayo husema mume asipolipa mimi nitalipa. Na kuna sahihi ya mkopaji wa pamoja, ambayo husema deni hili ni langu sawa na lake, tangu shilingi ya kwanza.

Usione haya kuuliza ofisa wa benki, "Hapa natia sahihi kama nani?" Omba fomu usome kwa utulivu, ikibidi urudi nayo nyumbani. Mume anayekupenda hataona kuuliza huko kuwa ni kumdharau, hasa mkizungumza kabla ya kufika benki. Kama lugha ya fomu ni ngumu, omba uelezwe kwa Kiswahili. Deni halitajali kama ulielewa au hukuelewa.

Mama asiye na deni wala jina

Wapo mama wanaojivunia kwamba hawajawahi kukopa hata siku moja. Tunawapongeza kwa kuishi kwa kadiri ya uwezo wao. Lakini wajue jambo moja. Katika daftari la mikopo, kutokuwa na deni si sawa na kuwa na jina jema. Mkopeshaji akitafuta habari zako akakuta ukurasa mtupu, hawezi kusema wewe ni mwaminifu wala kwamba si mwaminifu. Hakujui. Na mtu asiyejulikana hupewa kidogo, au hapewi.

Ndoa haiunganishi madaftari. Mume ana namba yake ya kitambulisho na mke ana yake. Mume anaweza kuwa amelipa mikopo kwa miaka 15 bila kuchelewa, na sehemu ya pesa hizo zikawa zimetoka katika duka linaloendeshwa na mke, lakini sifa yote imeandikwa kwa mume. Siku mume akiugua, akipoteza kazi, au Mungu akimwita, mke huenda benki akaonekana mgeni kabisa. Ni wakati huo huo ambapo anahitaji msaada wa kuendeleza duka na kuwasomesha watoto.

Hatuandiki haya ili mama aanze kukopa asichohitaji. Tunaandika ili ajue kwamba jina hujengwa wakati wa amani. Jinsi ya kulijenga tutaeleza hapa chini.

Anza kwa kusoma habari zako

Kabla ya kurekebisha chochote, jua kilichoandikwa. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kila mwaka kutoka kwa kila kampuni ya kumbukumbu za mikopo. Unaweza kuiomba kwa simu, kwa intaneti, au kwa kufika ofisini mwao na kitambulisho chako.

Ukiipata, isome polepole. Tazama kwanza kama jina lako na namba ya kitambulisho vimeandikwa sawa. Kisha tazama kila mkopo: nani alikukopesha, kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na umechelewa siku ngapi. Mwisho tazama ni nani waliouliza habari zako. Weka alama ya kalamu mahali popote usipopatambua.

Makosa hutokea. Deni ulilolipa huenda bado linaonyeshwa kuwa halijalipwa kwa sababu mkopeshaji hakupeleka habari mpya. Mkopo wa mtu mwingine huenda umeandikwa kwako. Ukiona kosa, iandikie ile kampuni barua ya malalamiko, ueleze kosa na kuambatanisha ushahidi: risiti za benki, barua ya mkopeshaji kwamba umemaliza deni, au ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo. Ndiyo sababu tunawashauri kina mama wasifute ujumbe wa malipo ya mikopo, na wanunue daftari dogo la kuandikia tarehe, kiasi na namba ya muamala. Kampuni ikishapokea malalamiko ni wajibu wake kuyachunguza kwa mkopeshaji. Usiporidhika, unaweza kupeleka lalamiko lako Benki Kuu.

Hapa tunatoa onyo. Wapo watu wanaojitangaza kwamba wanaweza kufuta jina la mtu katika CRB kwa siku moja, ukiwatumia shilingi elfu mbili tatu. Hao ni matapeli. Hakuna afutaye habari za kweli kwa kupewa pesa. Kosa hurekebishwa bure, na deni la kweli huondolewa kwa njia moja ambayo wazee waliijua zamani: dawa ya deni ni kulipa.

Kulipa kwa mpango

Mama mwenye madeni kadhaa mara nyingi humlipa anayepiga kelele zaidi. Hiyo si njia nzuri. Kaa chini, uandike kila deni, kiasi chake, siku yake, na hatari yake. Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo za mitumba. Baada ya chakula, kodi na nauli, hubakiwa na shilingi 7,500 kwa mwezi. Ana madeni matatu. La kwanza ni la Sacco, analotakiwa kulipa 4,000 kila mwezi. La pili ni mkopo wa simu wa 1,800 uliopitwa na siku 60. La tatu ni mkopo mwingine wa simu wa 3,500, ambao siku yake itafika wiki mbili zijazo.

Kwanza alipe 4,000 za Sacco, maana huko kuna wadhamini wake, na akichelewa atawaumiza. Atabakiwa na 3,500. Kishawishi ni kuzipeleka zote kwa ule mkopo wa 3,500 ili uishe. Lakini ule wa 1,800 uko karibu kufika siku 90, na ndio unaotishia jina lake. Aulipe wote. Atabakiwa na 1,700, ambazo atazipeleka kwa mkopo wa tatu, na kabla siku haijafika ampigie mkopeshaji simu kumweleza kwamba 1,800 zilizobaki atazilipa mwezi ujao. Mwezi wa pili atalipa 4,000 za Sacco na zile 1,800 pamoja na gharama yoyote ya kuchelewa. Mwezi wa tatu atakuwa na deni moja tu, na karibu shilingi 3,500 za kuweka akiba. Hakukopa popote kulipa madeni hayo. Alibadilisha mpangilio tu.

Jambo la maana hapa ni kuzungumza na mkopeshaji mapema. Mkopeshaji humwogopa mteja aliyenyamaza kuliko anayekuja kueleza shida yake. Mkikubaliana tarehe mpya, omba muandikiane, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Na kama unasumbuliwa kwa matusi, au mkopeshaji anawapigia jamaa na majirani zako kuwatangazia deni lako, jua kwamba hilo limekatazwa. Kanuni za wakopeshaji wa simu za mwaka 2022 zinawazuia kumwaibisha mkopaji kwa njia hiyo, na zinawataka wawe na leseni ya Benki Kuu. Bado una wajibu wa kulipa deni, lakini huna wajibu wa kuvumilia matusi.

Kujenga upya, kidogo kidogo

Deni likiisha kulipwa, hakikisha mkopeshaji amepeleka habari hiyo CRB. Omba barua ya kumaliza deni na uihifadhi pamoja na hati za nyumbani. Habari kwamba uliwahi kukwama hukaa katika kumbukumbu kwa miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa. Usikate tamaa kwa hilo. Itaonyesha pia kwamba ulilipa, na habari njema utakazoongeza juu yake zitakuwa na uzito kila mwaka unaopita.

Njia ya kujenga jina ni ile ile kwa aliyeanguka na kwa yule ambaye hajawahi kuandikwa. Fungua akaunti kwa jina lako mwenyewe, hata kama ni ndogo, na uitumie kila mwezi. Jiunge na Sacco inayosimamiwa vizuri, uweke akiba bila kuruka mwezi. Siku ukiwa na haja ya kweli, kama kununua cherehani au kuongeza bidhaa dukani, chukua mkopo mdogo unaojua utaulipa kwa mapato ya kazi hiyo. Lipa siku mbili au tatu kabla ya tarehe, kwa sababu mitambo ya simu na benki nayo hukwama. Ukimaliza, pumzika. Usichukue mwingine siku hiyo hiyo kwa sababu tu umeambiwa kiwango chako kimepanda.

Je, chama cha kina mama? Kwa kawaida mchango wako wa kila Jumamosi haufiki katika daftari la CRB. Lakini chama kinakufundisha nidhamu ile ile ya kutoa kwa siku iliyopangwa. Pia kitabu cha chama kilichoandikwa vizuri chaweza kumwonyesha ofisa wa benki kwamba wewe ni mtu wa kutimiza ahadi. Hivyo mhimizeni katibu wenu aandike kila kitu.

Zungumzeni nyumbani

Haya yote hayatafaulu kama ni siri. Tumesikia habari za nyumba ambamo mke ana mikopo minne ya simu ambayo mume haijui, na mume ana mitatu ambayo mke haijui, na wote wawili wanajiuliza pesa huenda wapi. Chagueni jioni moja kwa mwezi, watoto wakiisha kulala, kila mmoja alete madeni yake mezani bila kulaumiwa. Kubalianeni mambo matatu: tutalipa lipi kwanza, hatutakopa wala kudhamini zaidi ya kiasi gani bila kuambiana, na ni jambo gani litakaloandikwa kwa jina la mama ili naye awe na kumbukumbu yake.

Na kabla ya kukopa au kutia sahihi yoyote, mama ajiulize maswali haya:

Pesa hizi ni za kitu gani, na kitu hicho chaweza kungoja?

Nitalipa kutoka wapi, na siku gani?

Gharama yote ni shilingi ngapi, si kwa asilimia bali kwa pesa taslimu?

Natia sahihi kama nani?

Mambo yakiharibika, ni nani nyumbani atakayeumia kwanza?

Mama akijibu maswali hayo kwa ukweli, mara nyingi atajua la kufanya bila kuambiwa na mtu. Mama zetu walikopa chumvi na unga kwa jirani, na jirani aliwapa kwa sababu walirudisha. Sasa anayekupima hakujui kwa uso, naye hutazama maandishi. Basi mwezi huu chukua kitambulisho chako, uombe ripoti yako ya bure, na ukae na mzee wa nyumba muisome pamoja.